Noti za wageni kutoka China ndani ya sanduku la baba: zitupwe, ziuzwe, au zitunzwe?

SWALI: Papa, jambo sana. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Lubumbashi, Katuba. Baba yetu alikuwa fundi, na katika miaka ya 1980 alitumwa China kwa mafunzo. Sasa amefariki, na ndani ya sanduku lake tumekuta bahasha yenye noti za China: ndogondogo kadhaa, moja ya yuan 10 na moja ya yuan 50, pamoja na vikaratasi vitatu vyenye mihuri. Jirani mmoja anayefuata bidhaa Guangzhou anasema hiyo si pesa ya China, tuitupe tu. Mwingine ameona kwenye simu kwamba noti hizo zinauzwa maelfu ya dola, lakini yeye mwenyewe anatupa dola 40 kwa bahasha nzima. Tufanye nini? Je, benki inaweza kutubadilishia? Na mtu anaweza kuanza kukusanya noti za namna hii akiwa huku kwetu?

JIBU: Ndugu yangu, poleni kwa kuondokewa na mzee. Nianze na la haraka: dola 40 msizipokee, na msitupe chochote. Vile vikaratasi vitatu vyenye mihuri virudisheni leo hii katika bahasha ileile vilimotoka, kwa sababu kwa mkusanyaji wa kweli huenda ndivyo vitakavyoitofautisha bahasha yenu na noti nyingine zote za aina hiyo zinazouzwa duniani. Nitaeleza sababu.

Jirani yenu wa Guangzhou hakuwadanganya, ila amesema nusu ya habari. Ukienda na noti hizo sokoni China leo, hakuna atakayekupa hata chai. Lakini zilitolewa na Benki ya China yenyewe, zikatumika kihalali nchini humo kwa karibu miaka 15. Zilikuwa hati za fedha za kigeni, yaani noti walizopewa wageni peke yao. Zilianza kutolewa tarehe 1 Aprili 1980, ingawa toleo la kwanza limeandikwa mwaka 1979. Mgeni alipofika na dola, pauni au yen, hakupewa renminbi, ile pesa ya wananchi. Alipewa hati hizi, na kwa hati hizi alilipa hoteli, tiketi ya ndege, teksi, na bidhaa za Maduka ya Urafiki, maduka yaliyowekwa kwa ajili ya wageni, ambamo mwananchi wa kawaida hakuwa na nafasi ya kununua.

Kwa nini serikali ijisumbue kuchapa pesa ya pili? Sisi tunaoishi Kongo hatuhitaji kuelezwa sana. Hapa Lubumbashi pango la nyumba linatajwa kwa dola, mboga kwa faranga, na kati ya hizo mbili wamekaa makambisti, wabadilishaji pesa wa mitaani, na mafungu yao ya noti. China ya wakati ule ilikataa kabisa hali hiyo. Ilizihitaji dola za wageni kwa kununua mashine nje, na haikutaka zizunguke mitaani wala ziangukie mikononi mwa raia. Basi ikajenga ukuta wa karatasi: mgeni anaacha dola benki, anapewa hati, hati inatumika mahali palipopangwa tu, na dola zote zinabaki serikalini.

Kwa sheria yuan 1 ya hati ilikuwa sawa na yuan 1 ya renminbi. Mitaani haikuwa hivyo. Kwa kuwa hati ilinunua vitu ambavyo renminbi haikununua, kama televisheni ya kigeni, sigara za nje na baiskeli nzuri, watu waliitafuta na kuilipia zaidi. Nje ya hoteli za wageni, Beijing, Guangzhou na miji mingine, vijana walisimama wakimwita kila mgeni wabadilishane. Hivyo hati zilizokusudiwa zisitoke kwenye mzunguko wa wageni zikafika mikononi mwa Wachina wenyewe, na wageni wakawa na mifuko iliyojaa renminbi ambayo hoteli iliikataa. Kwa maoni yangu hapa ndipo utamu wa noti hizi ulipo. Zinaonyesha wazi serikali ilitaka nini na watu walifanya nini, jambo ambalo noti ya kawaida yenye picha ya rais haikuambii.

Sasa turudi kwa baba yenu na vikaratasi vyake. Wakati ule wanafunzi na wataalamu wa kigeni waliolipwa renminbi na upande wa China walipewa kadi maalumu, iliyojulikana kama kadi nyeupe, iliyowaruhusu kulipa kwa renminbi mahali ambapo mgeni mwingine angedaiwa hati. Kama mzee alisomeshwa kwa gharama ya China, inawezekana posho yake ya mwezi ilikuwa renminbi. Kuwa na hati, tena ya yuan 50, kunaonyesha kwamba alibadilisha fedha za kigeni zilizotoka kwingine: akiba yake, au posho aliyosafiri nayo. Kila alipobadilisha alipewa risiti ya benki yenye muhuri, tarehe, kiasi na kiwango cha siku hiyo. Risiti hiyo ilitakiwa kutunzwa, kwa sababu wakati wa kuondoka bila risiti benki haikukurudishia dola kwa hati zilizobaki. Nadhani vikaratasi vyenu vitatu ni risiti za namna hiyo, au kimojawapo ni ile kadi. Tazameni kama kuna jina la baba, tawi la benki na tarehe. Kama vipo, hapo mna kitu ambacho hakuna pesa inayokinunua kwa urahisi: noti, ushahidi wa jinsi zilivyopatikana, na jina la mtu aliyezishika.

Wauzaji wengi hawajali hilo. Wanachambua bahasha, noti nzuri wanazipeleka sokoni mojamoja, karatasi wanazitupa. Nimekuwa nikisema hivi kwa kila anayeniuliza, na nitaendelea kusema: bahasha ya namna hii ikishavunjwa haiwezi kuunganishwa tena, hata kama noti zote zitapatikana upya.

Swali la benki lina jibu fupi. Hapana. Tarehe 1 Januari 1994 China iliunganisha viwango vyake vya kubadilishia fedha. Kiwango rasmi kilichokuwa karibu yuan 5.8 kwa dola kikafika karibu 8.7, na siku hiyohiyo hati zikaacha kutolewa. Mwaka uliofuata zikaacha kutumika, na muda wa kuzirudisha benki ukaisha katikati ya 1995. Baada ya hapo hakuna benki, ya China wala ya Kongo, inayodaiwa kukubadilishia. Akija mtu kuwaambia ana njia ya kuzibadilisha benki, ila mtangulize pesa ya kufungulia faili, huyo ni mwizi. Mfungieni mlango.

Zichunguzeni wenyewe, kwa utaratibu. Nawa mikono, ikauke kabisa. Safisha meza, tandika kitambaa cheupe, kaa karibu na dirisha mchana. Noti ishike kwa kingo, usiikunje ili kuona kama bado ina nguvu. Upande mmoja utaona maandishi ya Kichina na picha ya mandhari. Hakuna sura ya kiongozi hata mmoja kwenye noti hizi, na jambo hilo peke yake linazitenga na renminbi za leo. Upande wa pili utaona jina la benki kwa Kiingereza, Bank of China, na maneno yanayosema kwamba ni hati ya fedha za kigeni. Yapo pia maelezo kwamba inatumika ndani ya China tu, mahali palipoteuliwa. Kama upande wa Kiingereza haupo, mna renminbi ya kawaida, na hiyo ni habari nyingine.

Toleo la 1979 lina noti za jiao 1, jiao 5, yuan 1, 5, 10, 50 na 100. Jiao 10 ni yuan 1. Kwenye jiao 1 kuna maporomoko ya maji, kwenye jiao 5 Hekalu la Mbinguni la Beijing, kwenye yuan 10 makorongo ya mto Yangtze, kwenye yuan 50 mto Li na vilima vya Guilin, na kwenye yuan 100 Ukuta Mkuu. Baadaye likaja toleo la 1988 la noti kubwa mbili tu, ya 50 na ya 100. Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kutafuta mwaka kwenye ile yuan 50. Halafu inueni kila noti dhidi ya mwanga wa dirisha mtazame alama ya maji, ile picha iliyo ndani ya karatasi yenyewe. Jiao 1 ilitoka na alama mbili tofauti, moja ya nyota na nyingine yenye mwenge. Kwa macho ya kawaida noti hizo ni pacha, lakini mkusanyaji anazihesabu kuwa mbili. Andikeni kwenye daftari kila noti: thamani, mwaka, herufi na nambari zake, alama ya maji, na kila mkunjo au doa mnaloliona. Msiandike chochote kwenye noti yenyewe, hata kwa penseli.

Kuhusu bei. Noti ndogo za 1979 zilizotumika zinapatikana kwa wingi, na bei yake ni dola chache tu kila moja. Wageni wengi walirudi nazo nyumbani kama kumbukumbu, kwa sababu hazikustahili foleni ya kurudisha. Yuan 10 iko juu kidogo. Yuan 50 ndiyo inayotafutwa, ya 1979 au ya 1988, kwa kuwa ni chache kuliko nyingine zote. Hiyo moja, kama ni halali na haijachakaa, inaweza kuzidi noti zenu nyingine zote zikijumlishwa, na bila shaka yule wa dola 40 alikuwa ameilenga hiyo. Hayo maelfu ya dola aliyoyaona kwenye simu ni bei ambayo muuzaji anaomba. Kuomba ni bure. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, kuna sehemu ya kuchuja ili uone vitu ambavyo vimeshauzwa na bei vilivyouziwa. Tazameni hapo, na mlinganishe noti yenye hali kama ya kwenu, si ile inayong'aa kama imetoka kiwandani jana.

Hali ya noti ndiyo karibu kila kitu. Wakusanyaji wana ngazi zao, kuanzia noti mpya ambayo haijawahi kukunjwa mpaka ile iliyochoka na kutoboka, na hatua moja kati ya ngazi hizo inaweza kukata bei nusu. Mkunjo mmoja wa katikati unaushusha uzuri wa noti. Pembe zilizolegea, shimo la pini, alama ya wino wa mhesabu pesa wa benki, vyote vinahesabika. Mtu wa Lubumbashi ana faida hapa, kwa sababu tumelelewa na makambisti. Nani asiyejua dola iliyochanika kidogo pembeni inavyokataliwa? Umeona kambisti anavyoipapasa noti kwenye kola ya mtu aliyechorwa, anavyoiinua juani, anavyoipindua mara mbili kabla ya kutoa faranga. Jicho hilohilo litumieni, lakini kwa tofauti moja kubwa. Kambisti anataka noti safi, kwa hiyo watu hufua dola, hupiga pasi na hubandika gundi. Kwa mkusanyaji, noti iliyofuliwa imeharibiwa. Wino umepauka, karatasi imelegea, mistari iliyokuwa imeinuka imelala. Mkusanyaji anaipenda zaidi noti yenye mikunjo ya kweli kuliko iliyonyooshwa kwa pasi, maana ya kwanza inasema kweli juu ya maisha yake na ya pili inaficha.

Nakala za bandia zipo. Kwenye masoko ya watalii China kunauzwa seti nzima za hati hizi zilizochapwa upya, zikiwa ndani ya albamu nzuri yenye dhahabu dhahabu juu ya jalada, na baadhi ya wafanyabiashara wetu wamerudi nazo wakidhani wamepata bahati. Zenu zilizokaa sandukuni tangu miaka ya 1980 hazinitii hofu sana. Lakini mkianza kununua, nunueni kioo cha kukuza kabla ya noti. Kwenye noti halali mistari myembamba inaendelea bila kukatika. Kwenye nakala iliyotokana na picha mistari hiyohiyo inageuka kuwa vinukta vya rangi. Alama ya maji ya kweli imo ndani ya karatasi na inapotea ukiilaza noti mezani. Ile ya bandia imechorwa juu kwa wino hafifu na bado unaiona. Na noti tatu zenye nambari moja, hapo hakuna haja ya kioo.

Nikae kidogo kwenye utunzaji, kwa sababu ndipo watu wetu wanapopoteza mali kwa nia njema. Hapa kila karatasi ya maana inapelekwa kupitishwa mashine ya plastiki: diploma, kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo. Noti msiipeleke huko. Ule moto na gundi vinashikana na karatasi milele, na thamani ya noti inaishia hapo hapo. Vifuko vya plastiki laini vinavyonuka nuka, vile vinavyouzwa kwa kuwekea vitambulisho, pia havifai. Baada ya miaka vinatoa unyevu wa mafuta unaoingia kwenye wino. Kinachofaa ni vifuko vya poliesta au polipropileni visivyo na harufu, na kama hamjavipata, bahasha ya karatasi nyeupe safi kwa kila noti inatosha kwa sasa. Risiti ziwekwe kwenye bahasha yake, kando na noti, ili wino wa muhuri usihamie, lakini zote ndani ya kasha moja.

Ondoeni raba, pini na vibanio vya chuma. Raba ikikaa na joto inayeyuka na kung'ang'ania karatasi, na pini inaacha kutu. Kasha liwe la chuma lenye kifuniko kinachobana, kwa ajili ya mchwa na panya, na lisikae juu ya kabati chini ya bati, kwani joto la mwezi wa kumi linapika kila kitu. Mvua za kuanzia mwezi wa kumi na moja zinaleta unyevu. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia, mviweke pembeni bila kugusa noti. Dawa ya nondo msiweke kabisa.

Sasa swali lenu la mwisho, lile lililonifurahisha: kuanza kukusanya. Inawezekana, tena mmeshaanza. Hati za wageni ni uwanja mdogo, haumalizi pesa ya mtu, na kila nchi iliyozitoa ilikuwa na kisa chake. Baada ya China, ningewashauri mtafute Myanmar. Mwaka 1993 nchi hiyo ilitoa hati zilizoandikwa moja kwa moja thamani ya dola: 1, 5, 10 na baadaye 20. Mtalii alipotua uwanja wa ndege wa Yangon alilazimika kubadilisha kiasi kilichopangwa, kwa muda mrefu dola 300, kabla hajapita mlangoni. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2003, na hati zenyewe zikafutwa mwaka 2013. Ile ya dola 1 ni rahisi kupatikana na ni mahali pazuri pa kujifunzia ngazi za hali.

Kuba ilitoa hati zake mwaka 1985 kwa mafungu yenye herufi A, B, C na D. Anayekusanya kwa makini anatafuta thamani ileile katika kila herufi, na hapo kazi inakuwa ngumu kwa namna inayopendeza. Kisha mwaka 1994 ikaja peso ya kubadilishika, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pesa ya hoteli na maduka ya dola, ikaishi sambamba na peso ya kawaida mpaka ilipofutwa mwaka 2021. Hiyo haikuwa ya wageni peke yao, kwa hiyo wengine hawaiweki kwenye fungu hili. Mimi naiweka, maana bila hiyo kisa cha Kuba kinakatikia njiani.

Ya Korea Kaskazini ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Mwaka 1988 nchi hiyo ilichapa seti mbili za noti za wageni: za rangi ya bluu na kijani kwa waliotoka nchi za kibepari, na nyekundu kwa waliotoka nchi za kisoshalisti. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1989, Pyongyang ikapokea tamasha la vijana na wanafunzi wa dunia lililokusanya watu wa nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Wageni wawili wangeweza kukaa meza moja wakilipa chakula kilekile kwa pesa ya rangi tofauti, kwa sababu ya pasipoti zao. Tahadhari moja: nyingi zinazouzwa leo hazijawahi kutoka benki, na nyingine zimepigwa maandishi ya kuonyesha kwamba ni sampuli. Si mbaya kuwa nazo, lakini bei yake isilingane na ya noti iliyotumika.

Msichanganye na hati za Poland, Chekoslovakia au Ujerumani Mashariki. Zile zilikuwa hasa kwa wananchi waliotumiwa dola au marki na ndugu walio nje, wakazitumia kwenye maduka kama Pewex na Tuzex. Noti za kijeshi za Marekani, zilizotumiwa na askari wake nje ya nchi kati ya 1946 na 1973, nazo ni ukoo mwingine, ingawa kusudi lilifanana: kuzuia dola zisiingie mitaani. Mkusanyaji anayeanza kwa kuchukua kila kitu anaishia na kasha lililojaa na hadithi hamna. Chagueni kisa kimoja mkifuate.

Kununua mkiwa Lubumbashi kuna ugumu wake, hasa usafirishaji. Mzigo mdogo wa dola 5 unaweza kudai gharama ya kusafirisha inayozidi mara kadhaa bei yake. Njia inayofaa ni kukusanya maagizo, halafu mtu mnayemwamini anayekwenda Lusaka, Dubai au Guangzhou akavipokee huko na kuja navyo. Msimtumie mtu msiyemjua pesa kwa simu kwa sababu ya picha nzuri. Mwambieni apige picha noti ileile ikiwa juu ya karatasi yenye tarehe ya leo na jina lenu. Mwenye noti kweli haoni taabu.

Na huku kwetu tuna cha kubadilishana. Wakusanyaji wa nje wanazitafuta noti za Benki ya Taifa ya Katanga za mwanzoni mwa miaka ya 1960, zile zenye sura ya Moïse Tshombe, na sarafu za 1961 zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba wa Katanga upande wa pili. Katika nyumba za wazee wa Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa ya mji wetu, bado zimo, chini ya vitambaa vya kabati na ndani ya Biblia. Zinatolewa kwa bei ya soda. Ukikutana nazo, mwambie mwenye mali ukweli kuhusu thamani yake kabla hujataja bei yako. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu mji wetu umeshaondokewa na mengi kwa njia hiyo, na mzee aliyedanganywa mara moja hatamfungulia sanduku mtu mwingine.

Kwa upande wenu, kabla ya kuamua lolote, bahasha ni ya urithi. Kaeni na ndugu zenu wote, na mama kama yuko. Muulizeni yeye, na baba wadogo, na wenzake wa kazini walio hai: alikwenda mwaka gani, mji upi, alijifunza nini, alikaa muda gani, alirudi na nini. Yaandikeni kwenye karatasi safi pamoja na majina ya waliosimulia, muiweke ndani ya kasha. Kama familia itaamua kuuza, uzeni bahasha nzima pamoja na risiti na maelezo hayo, kwa mtu atakayekubali kuitunza pamoja. Kama mnahitaji pesa haraka na hakuna njia nyingine, pigeni kwanza picha za kila kitu pande zote mbili, ili angalau kumbukumbu ibaki kamili.

Nileteeni picha ya yuan 50, mbele na nyuma, iliyopigwa mchana bila mwanga wa simu, na nyingine ikiwa imeinuliwa dirishani ili alama ya maji ionekane. Za risiti pia, ila jina la mzee na namba ya pasipoti mvifunike kwa kipande cha karatasi. Hapo nitaweza kuwaambia bei ya kuanzia mazungumzo, na kama yule wa dola 40 atarudi kabla ya hapo, mwambieni familia bado inakutana.